Mwongozo Kamili wa Kuandaa Ibada ya Kumbukumbu ya Nahodha wa Raga wa Kisamoa

Mwongozo huu ni kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Auckland, Sydney na miji mingine yenye Wasamoa wengi, ambao hujikuta ndani ya kamati ya klabu ya raga siku nahodha anapofariki. Kosa ni lile lile kila mara. Kamati inaandaa msiba kama inavyoujua kutoka nyumbani, kwa mwenyekiti, mweka hazina, picha kubwa ya marehemu na orodha ndefu ya wasemaji, kisha inashangaa kuona familia imenyamaza na mchungaji ameikunja karatasi ya ratiba bila kuisoma. Nia huwa njema kabisa, lakini mlango uliopitiwa huwa si wenyewe.

Kwa mfano nitamtumia Peter Fatialofa, aliyezaliwa Auckland mwaka 1959, akaiongoza Samoa ya Magharibi, kama Samoa ilivyoitwa wakati ule, katika Kombe la Dunia la raga mwaka 1991, na kufariki mjini Apia, mji mkuu wa Samoa, tarehe 6 Novemba 2013 akiwa na umri wa miaka 54. Sisimulii ibada yake ilivyofanyika. Ninayatumia maisha yake kuonyesha maamuzi ambayo kamati ya nahodha kama yeye hulazimika kuyafanya.

Kabla ya hatua yoyote, kamati nzima ikubaliane juu ya jambo moja: ibada ni ya familia na ya kanisa lake, na klabu ni mgeni aliyekuja kubeba mizigo. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

Vitu na watu wa kuandaa kwanza

- Msamoa mmoja mwenye heshima anayekubali kusema kwa niaba ya klabu. Huyu ndiye wa kwanza kutafutwa, na bila yeye msiendelee.
- Mweka hazina mmoja na daftari moja la michango, si vikundi vitatu vya simu vinavyochanga kila kimoja kwa wakati wake.
- Bahasha moja ya fedha kutoka kwa klabu nzima.
- Katoni za nyama ya kopo, ambayo Wasamoa huiita *pisupo*, na za samaki wa kopo.
- Mikeka ya kawaida ya kukalia.
- Vipaza sauti viwili, kinanda cha kanisa, na mtu anayejua kurusha picha mubashara.
- Karatasi za ratiba kwa Kisamoa na kwa lugha ya pili ya waombolezaji.
- Jezi ya marehemu, au jezi yenye namba yake, iliyofuliwa na kupigwa pasi.
- Vijana wasiopungua kumi wa kupakua chakula na kuosha vyombo.

Picha kubwa, mashada na video si vibaya, ila vinaweza kukosekana na ibada ikaenda vizuri. Vitu vilivyo kwenye orodha haviwezi kukosekana.

Hatua ya 1: Ingia kupitia mlango wa familia

Familia ya Kisamoa husimamiwa na *matai*, yaani mkuu aliyepewa jina la heshima la ukoo. Wapo matai wa aina mbili: *ali'i*, ambaye ndiye mwenye daraja, na *tulāfale*, ambaye kazi yake ni kusema. Huyu wa pili ndiye utakayemwona amesimama na fimbo ndefu na usinga begani, akitoa hotuba ambayo mgeni huidhania kuwa ni maua ya maneno tu.

Hotuba hiyo ndiyo hati ya msiba. Kila kijiji cha Samoa kina salamu zake rasmi zinazotaja wakuu wake kwa mpangilio maalumu, na msemaji akimruka mmoja, waliohudhuria huona kuwa mtu mzima amefutwa. Ndiyo maana mwenyekiti wa klabu, hata awe fasaha wa kiasi gani, hawezi kuifanya kazi hii. Mwombeni mchezaji wa zamani wa Kisamoa, au mzee wa kanisa, awape tulāfale wa kusema kwa niaba yenu, kisha yeye ndiye aende kwa matai wa familia.

Onyo: msimpigie simu mjane kumuuliza anataka nini. Mimi niliwahi kufanya hivyo nikidhani ninamjali. Alinijibu kwa upole kwamba kila kitu ni sawa, na baadaye nikajua kuwa nilimweka katika nafasi ya kuwajibia wakubwa zake.

Ulizeni pia marehemu alikuwa na jina gani la ukuu. Jina hilo hutangulia jina lake la kuzaliwa, nalo lazima lionekane kwenye ratiba, kwenye bango na midomoni mwa wasemaji. Fatialofa alikuwa Papali'itele. Klabu iliyozoea kumwita "Fats" inaweza kulitaja jina hilo la utani ndani ya kisa, kwa upendo, lakini si kwenye kichwa cha ratiba.

Mtajua kuwa hatua imefaulu familia itakapowapa jina la mtu mmoja wa kuwasiliana naye. Wakisema "tutawaambia", subirini.

Hatua ya 2: Siku na saa

Msitangaze tarehe kabla familia haijaitamka. Ndugu wako Apia, Auckland, Brisbane, Hawaii na California, na mazishi husubiri wale ambao bila wao hayawezi kufanyika. Pale mtu anapofariki Samoa huku klabu yake ikiwa Auckland, kama ilivyokuwa kwa Fatialofa, mnaweza kuhitaji mikusanyiko miwili, na familia ndiyo itakayosema upi ni ibada na upi ni heshima za klabu.

Jumapili si siku ya shughuli. Samoa huitunza kwa kanisa na mlo wa familia, na kuomba ibada ya jumuiya siku hiyo ni kumlazimisha mchungaji akatae. Jioni ya kabla ya mazishi ndiyo inayotumika sana mijini Nyuzilandi: kwaya huja, vikundi huleta heshima zao, na klabu hupata nafasi yake.

Sasa kuhusu saa, kwa sababu hapa ndipo ndugu na marafiki wa mbali hukosa ibada nzima. Samoa iliuvuka mstari wa tarehe, ule wa kufikirika unaotenganisha siku moja na nyingine katika bahari ya Pasifiki, mwishoni mwa mwaka 2011: baada ya Alhamisi tarehe 29 Desemba ikafuata Jumamosi tarehe 31. Samoa ya Marekani, iliyo jirani kabisa, ilibaki upande wa pili. Kwa hiyo ibada inayoanza Apia Jumamosi saa nne asubuhi itaonekana hivi:

- Pago Pago, Samoa ya Marekani: Ijumaa, saa nne asubuhi, siku nzima nyuma.
- Auckland: Jumamosi saa nne asubuhi wakati wa kiangazi chao, saa tatu wakati wa baridi.
- Dar es Salaam, Nairobi na Kampala: saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi.
- Bujumbura, Kigali na Lubumbashi: Ijumaa, saa tano usiku.
- Muscat: saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi.

Kwenye tangazo andikeni jina la mji, siku na saa kwa tarakimu za saa 24, halafu ndipo muongeze saa za Kiswahili. Mtu akisoma "saa 4" peke yake, nusu ya wasomaji watawahi au kuchelewa kwa muda wa saa sita.

Hatua ya 3: Ratiba iandikwe na mchungaji, nanyi mwombe nafasi ndani yake

Mchungaji, *faife'au*, ndiye mwenye ibada. Yeye ndiye hupanga nyimbo, sala, somo, kwaya, maneno ya familia na mahubiri. Ombeni dakika tano kwa ajili ya klabu nzima. Mkipewa tatu, shukuruni na mtumie tatu.

Nafasi hiyo ipewe msemaji mmoja tu. Najua ugumu wake: kuna kocha, kuna mwenyekiti, kuna aliyecheza naye kwa miaka kumi kwenye skramu, yaani ule msukumano wa wachezaji wa timu mbili walioshikana. Wote watapata pa kusema wakati wa chakula. Ndani ya ibada, msemaji wa pili huonekana kana kwamba klabu haikukubaliana nyumbani kwake.

Karatasi ikichapishwa, ipelekeni kwa msomaji wa Kisamoa kwanza. Alama ndogo inayofanana na nusu ya nukuu ni herufi kamili katika Kisamoa. Ukiiacha, jina la mtu huharibika. Mwenye Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu irabu tano husomeka vilevile, na herufi *g* ya Kisamoa ni *ng'* ya ng'ombe. Neno *lauga*, yaani hotuba, husomwa "laung'a". *'Ie toga* ni "ie tong'a". Mfundisheni msemaji wenu maneno machache tu, hasa *fa'afetai*, asante, na *tulou*, kunradhi, ambalo tutalirudia.

Onyo dogo: mtawasikia Wasamoa nyumbani wakitamka *k* mahali pa *t*. Msiige. Kanisani na mbele ya wakuu hutumika *t*.

Hatua ya 4: Andika wasifu usiomwaibisha marehemu

Wasifu wa klabu huharibika kwa njia mbili. Ama hujaa sifa ambazo zingemfaa nahodha yeyote, ama hukosea matokeo ya mechi ambazo kila mzee ukumbini anazikumbuka kwa dakika. Ya pili ndiyo inayoumiza zaidi. Hakikini kila tarehe na kila alama.

Kwa Fatialofa, wasifu ungeanza na ukweli kwamba Samoa ya Magharibi haikualikwa kwenye Kombe la Dunia la kwanza la mwaka 1987. Miaka minne baadaye aliiingiza timu hiyo uwanjani Cardiff, tarehe 6 Oktoba 1991, wakaifunga Wales 16–13 nyumbani kwake. Kisha wakapoteza kwa Australia, mabingwa wa baadaye wa mashindano hayo, kwa 9–3 tu, wakaishinda Argentina 35–12, na wakaishia robo fainali mbele ya Uskoti, 28–6, uwanjani Murrayfield. Andikeni "Samoa ya Magharibi", kwa kuwa nchi ilibadili jina na kuwa Samoa mwaka 1997. Mtu aliyevaa jezi ile mwaka 1991 alivaa jina lile.

Msikiache kipigo cha Uskoti. Mwandishi mmoja wa kamati aliwahi kuniambia kwamba mazishini hatutaji tulipofungwa. Sikubaliani naye. Nahodha huonekana jinsi alivyo siku ya kufungwa, na waliosimama karibu naye siku hiyo wamekaa mbele yako ukumbini.

Halafu tafuteni jambo moja la maisha ya kawaida. Fatialofa alikuwa mchezaji wa mstari wa mbele wa skramu, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuhamisha piano, kuzishusha ngazi na kuziingiza milangoni. Hakuna sifa inayoeleza nguvu na uangalifu wake kuliko hilo. Kila nahodha ana piano yake. Waulizeni wafanyakazi wenzake, wala si wachezaji peke yao. Kabla ya kusoma lolote hadharani, familia ilipitie, na wakifuta sentensi msiulize kwa nini.

Hatua ya 5: Toa rambirambi kwa njia ya Kisamoa

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Sisi tumezoea rambirambi ya kimyakimya: mkono wa pole na bahasha inayopita kiganjani. Kwa Wasamoa mchango wa msiba huitwa *si'i*, nao huletwa hadharani na kundi zima. Kundi huingia pamoja, hukaa upande wake, msemaji wake hutoa hotuba, vitu huwekwa mbele, na mtu wa upande wa familia hutangaza kwa sauti kila kilichopokelewa. Kiasi cha fedha kinaweza kutajwa. Msione haya na msifikiri mnaaibishwa. Kutangaza ni kushuhudia kuwa mlikuja na kwamba familia haikula mchango wa watu gizani.

Fuateni mpangilio huu:

1. Kusanyeni michango yote siku moja kabla, na mweka hazina afunge daftari. Anayechelewa apeleke chake kama mtu binafsi, si kama klabu.
2. Mwonyesheni tulāfale wenu kila kitu, ili ajue atasema nini. Msemaji asiyejua katoni ni ngapi hawezi kuilinda heshima yenu.
3. Subirini nje mpaka muitwe. Vikundi huingia kwa zamu, na zamu ina maana yake.
4. Ingieni mkiwa mmeinama kidogo, ketini, nyamazeni. Msemaji wenu afanye kazi yake.
5. Bahasha na katoni ziwekwe mbele ya upande wa familia. Kamwe zisikabidhiwe mkononi mwa mjane au watoto.

Kuhusu *'ie toga*, ule mkeka laini ambao mtauona ukitandazwa na kutembezwa mbele ya watu: husukwa kwa majani ya mmea wa jamii ya mkadi wetu, ukili wake ukiwa mwembamba kiasi cha kuuhisi kama kitambaa, na mkeka mmoja mzuri huweza kuchukua miezi mingi au zaidi ya mwaka kwisha. Ukingo wake hupambwa kwa manyoya mekundu. UNESCO iliuandikisha usanii huu katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2019. Huo si mkeka wa kukalia. Msiukanyage, msiukunje, na msikimbilie kununua mmoja dukani ili klabu nayo ionekane. Kama wanawake wa Kisamoa wa klabu yenu wana mkeka na wanataka kuutoa, wao ndio watakaoamua na wao ndio watakaoubeba.

Kisha huja jambo ambalo wageni hulivuruga zaidi. Familia itawarudishia kitu: chakula, fedha kidogo, huenda hata mkeka. Pokeeni. Nimeona mwenyekiti akisukuma bahasha nyuma akisema, "Hapana, sisi tumekuja kuwasaidia," na ukumbi mzima ukapoa. Kukataa ni kusema kuwa familia haina uwezo wa kukutendea kama mgeni. Mkirudishiwa hadharani kwa maneno ya shukrani, si'i yenu imepokelewa, na hakuna dalili nyingine ya mafanikio mtakayohitaji.

Hatua ya 6: Mavazi na namna ya kukaa

Ulizeni rangi. Familia nyingine huvaa nyeupe, nyingine nyeusi. Wanaume wa Kisamoa huvaa vazi la kiunoni lililoshonwa, *'ie faitaga*, na wanawake *puletasi*, blauzi ndefu juu ya sketi. Mgeni akivaa suruali na shati safi, au gauni linalofunika magoti, amevaa vya kutosha.

Mkikaa sakafuni, kunjeni miguu au ifunikeni kwa kitambaa, na msiinyooshe kuelekea watu. Ukilazimika kupita mbele ya waliokaa, inama na useme *tulou*. Usiseme ukiwa umesimama mbele ya mkuu aliyekaa sakafuni, isipokuwa umeelekezwa.

Hatua ya 7: Siva tau

*Siva tau* ni ngoma ya vita ambayo timu ya taifa, Manu Samoa, huicheza kabla ya mechi. Klabu karibu zote hutaka ichezwe kumuaga nahodha, na ikichezwa vizuri hakuna jicho linalobaki kavu. Lakini si pambo la kujazia ratiba.

Ombeni ruhusa mbili, ya familia na ya mchungaji. Kiongozi awe Msamoa aliyecheza na marehemu. Wachezaji wasio Wasamoa wanaweza kusimama nyuma iwapo wamealikwa na wamefanya mazoezi. Aliyeyajua maneno asubuhi hiyo kwenye simu abaki pembeni akiwa amesimama wima, na hiyo nayo ni heshima. Mahali panapofaa ni nje, jeneza linapotoka au msafara unapopita uwanjani. Ndani ya kanisa msithubutu bila mchungaji mwenyewe kuwaita.

Baada ya siva tau, msipige makofi wala kupiga kelele za uwanjani. Kaeni kimya mpaka familia itembee.

Hatua ya 8: Chakula, vyombo na kuondoka

Chakula kitakuwa kingi: magimbi, nguruwe, samaki, majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui. Wachungaji, wakuu na wazee hupakuliwa kwanza, na vijana hula mwisho. Wasamoa husema *o le ala i le pule o le tautua*, njia ya kuufikia uongozi ni utumishi, na jikoni ndipo watakapowapima. Vijana kumi mlioandaa waripoti kwa mama anayesimamia jiko, wafanye anachosema, na nahodha mpya wa klabu awe miongoni mwao akiwa ameshika sinia.

Waislamu walio katika kamati, ambao ni wengi kati yetu watu wa pwani, wamweleze mapema yule mtu wa mawasiliano kuhusu nguruwe. Watatengewa samaki na magimbi bila neno. Kinachokera ni kunyamaza kisha kuiacha sahani nzima.

Kabla ya kuondoka, mweka hazina ampe mwakilishi wa familia nakala ya daftari, yenye jina la kila mchangaji, kwa sababu familia itakumbuka madeni haya ya upendo siku wengine watakapofiwa. Jezi ipelekwe panapotakiwa na familia, iwe kaburini, ukutani kwa mama yake au mikononi mwa mwanawe, hata kama klabu ilishaagiza fremu ya kuitundika ukumbini. Kisha kiongozi wa msafara aage kwa matai, akiinama, na vijana waondoke sufuria ya mwisho ikishakauka.